Simu Isiyo na Chipu

Mpaka leo kioo kikimulika juani nashtuka. Kiwe kioo cha gari, kiwe kipande cha chupa njiani, miguu inataka kukimbia kabla sijajua inakimbilia wapi. Watoto wa hapa ninapoishi sasa wananicheka. Wacheke. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, naandika polepole, lakini naandika, kwa sababu waliofanya haya wapo, wanakula na kulala, na hakuna aliyewauliza kitu.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara kuu, upande wa Olumbi, kusini ya mto Rovuma. Umeme wa nguzo hatukuwa nao. Walikuja watu wenye fulana za rangi ya chungwa, wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu toka barabarani mpaka msikitini, wakasema nguzo zinafuata. Vijiti vikaliwa na mchwa. Hao nao nawatia kwenye hesabu yangu, maana wangetimiza neno lao hata haya yasingetokea.

Mume wangu alikuwa muosha masufuria jikoni huko Afungi, kwenye kambi ya kampuni ya gesi, ndani ya uzio. Akirudi likizo alikuwa ananihadithia mpaka nadhani ananitania.

"Kule taa zinawaka saa saba mchana, bibi wee. Jua la utosi, na taa zinawaka. Mashine ya baridi inapuliza chumba hakina mtu, mlango uko wazi."

"Sasa wanapoza nini?"

"Wanapoza ukuta."

Tukacheka. Lakini alisema pia kwamba nyuma ya jiko lao kulikuwa na shimo la takataka, na takataka zenyewe nzima: viti, feni, masufuria yaliyobonyea kidogo tu. Siku moja akakuta humo paneli ya jua, imepasuka pembe moja. Akaiomba. Mkubwa wake akamwandikia karatasi yenye muhuri, ya kumpitisha getini, na mume wangu akaja nayo juu ya lori akiwa ameikumbatia kama mgonjwa.

Vita vilipotufika tuliifukia jikoni, chini ya mafiga, tukakimbia. Tuliporudi nyumba ilikuwa imeungua upande, kazi ya Afungi haipo tena, lakini paneli ipo. Tukaifukua, nikaiosha. Ikapokea jua kama vile hapakutokea neno.

Juu ya paa sikuiweka. Kila aliyerudi alijua kwamba kitu kinachomulika juu ya paa kinaonekana mbali, na hatukutaka kuonekana, si na watu wa porini, wale waasi, si na militari, wanajeshi wa serikali. Niliiweka chini uani, ndani ya ua wa makuti, imeegemea kinu. Nikiswali dhuha naielekeza huku, adhuhuri nailaza, alasiri naigeuza kule. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kibichi. Usiponyanyuka kuifuata, inakupa nusu. Simu ikijaa naichomoa, siiachi kwenye waya inywe bure. Taa tulikuwa na moja, ndogo, sote tunaizunguka. Betri ilikuwa ya pikipiki, kuukuu, sikuruhusu ishuke hata siku moja mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa anasema, "Wewe ungekabidhiwa ule uzio wote, wangezima nusu." Ningezima robo tatu.

Jirani yetu wa upande wa barabara alikuwa na jenereta. Duka, jokofu, spika, na balbu nje zinazowaka mchana. Zamani kijiji kizima kilichaji simu kwake. Baada ya kurudi watu wakaacha. Si kwa sababu ya bei. Kwa sababu ya ile kelele. Jenereta likinguruma husikii mbwa, husikii mguu, husikii jirani anakuita ukimbie. Sisi tulikuwa tunaishi kwa masikio. Mtu alikuwa anaweza kuacha kula, kijiko kiko hewani, anasikiliza. Basi wakaja kwangu, maana jua halina sauti. Wanaleta na kitu mkononi, samaki wawili, kisahani cha mhogo, wengine hawaleti kitu.

Sikuandika majina. Kuandika kwangu ni kama unavyokuona, na watu waliotoka mbioni hawapendi kuulizwa jina wala walikotoka. Sheria yangu ilikuwa moja: ukileta simu, leta na ukanda wa nguo yako. Kila mwanamke alikata kidogo kwenye pindo la kapulana yake, kanga yake, mimi naufunga kwenye simu. Kapulana za kijiji kile nilikuwa nazijua zote, ya majogoo nani, ya maembe nani, ya samawati iliyofifia nani. Wanaume wavuvi walileta uzi wa nyavu, kila mmoja na fundo lake. Mezani kwangu simu zilikuwa zimekaa kama wari wa unyago wamevishwa. Hata simu moja haikupotea.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa shangazi mmoja mtu mzima, na binti wa kaka yake, ambaye alikuwa amekimbia kutoka Mbau. Mume wa binti yule aliuawa shambani. Nani alimuua hatukuambiwa. Wengine walisema wa porini, wengine walisema hawa wanajeshi wetu walimdhani ni wa porini. Binti alikuwa ndani ya eda, amevaa nguo nyeupe, hatoki, hasemi na wanaume. Nikaenda kumpa pole, nikamkuta ameshika simu ya kugusa, kioo kimepasuka, imezima.

"Dada," aliniambia, "wanasema jua lako ni la kila mtu."

"Ni la kila mtu, mdogo wangu. Nipe."

"Haina chipu. Chipu, ile laini ya namba, niliitupa njiani, tuliogopa kupigiwa. Sitaki kupiga. Mume wangu alikuwa ananitumia sauti. Zimo humo."

Akachana ukanda kwenye shuka lake la eda, mweupe tupu, hauna ua. Nikaufunga. Kila baada ya siku kadhaa nilikuwa naifuata simu ile mwenyewe na kuirudisha mwenyewe, nimeificha ndani ya mtandio, kwa sababu yeye hatoki. Mume wangu alijua. Watu wengine hawakujua.

Mwenye jenereta alianza kwa mzaha. "Shemeji, umeniua. Umenitoa kwenye biashara kwa kipande cha kioo cha jalalani."

"Zima ile balbu ya mchana, shemeji, utapata faida."

"Hee! Na mwenzangu anajua na hesabu." Akacheka. Nami nikacheka. Nikakosa kumtazama macho.

Walikuja asubuhi, chai iko motoni. Sikusikia gari, waliliacha mbali. Nilichoona ni buti ndani ya ua wangu, halafu buti nyingine. Mmoja alikuwa sajenti, mfupi, anasema Kireno tu. Mmoja alikuwa askari wa bara, anajua Kiswahili, ndiye aliyetafsiri. Na nyuma yao, mikono mgongoni, shefu wa bairo, mkubwa wa mtaa wetu, anatazama makuti kama anayahesabu.

"Mama," askari akasema, "hizi alama ni za nini?"

"Si alama, baba. Ni vitambaa vya wenyewe."

"Tumeambiwa ni alama. Rangi hii wanajeshi wamepita, rangi hii hawajapita. Na kioo unakigeuza mchana kutwa. Unamgeuzia nani?"

"Jua."

Sajenti akaokota simu moja moja, anauliza ya nani. Nikajibu kwa kuangalia ukanda, haraka: ya mke wa mwadhini, ya mvuvi fulani, ya mama wa mapacha. Akafika kwenye ile ya mwisho. Akaufinya ukanda mweupe kwa vidole viwili. Akaifungua simu nyuma, akaona hakuna chipu. Akaninyooshea pale palipo tupu.

"Simu haina chipu, kwa nini inachajiwa? Na kitambaa hiki hakina rangi. Ya nani?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na anayetoka kwetu ataelewa. Mwanamke yuko ndani ya eda. Humtaji mbele ya wanaume wageni, hata kama ni kwa mazungumzo, sembuse kuwapeleka mlangoni kwake wenye bunduki. Ulimi wangu ulijua hivyo kabla akili yangu haijafikiri.

"Sijui," nikasema.

Wakamgeukia mume wangu. Naye, kwa adabu ileile, akasema, "Sijui."

Nilijua simu zote, isipokuwa ile. Ungekuwa wewe askari ungefikiri nini? Walimfunga mikono kwa kamba ya ndoo yangu ya kisimani. Wakatia simu zote gunia moja, wakabeba paneli, wakabeba betri. Shefu wa bairo akatia sahihi karatasi juu ya kinu changu. Nikamwambia, "Shefu, wewe mkeo simu yake imo humo!" Akasema, "Mimi naitika kazi tu, dada." Hakunitazama. Huyo naye namtaja.

Mke wa mwadhini ndiye aliyeniambia habari zilikotoka. Mwenye jenereta alikuwa ameshinda posto, kituoni kwa wanajeshi, siku mbili, anawapelekea soda baridi. Nikaenda dukani kwake sijui kwa miguu ya nani.

"Shemeji, umewaambia nini?"

"Niliulizwa, shemeji. Nikajibu nilichokiona."

"Uliona nini? Uliona vitambaa!"

"Punguza sauti," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa, lakini hofu yake haikunihusu. "Na fanya haraka. Kesho saa tisa lori linashuka Mocímboa. Wanaoshushwa huko..." Hakumaliza. Hakuna aliyekuwa anamaliza sentensi ile kijijini kwetu. Tulikuwa tunawajua waliopanda lori lile, na hatumjui hata mmoja aliyerudi.

Usiku ule sikulala wala sitauelezea. Kulipokucha nikaenda nyuma, kwa shangazi.

Alinizuia mlangoni. "Najua kilichokuleta. Hatoki. Zimebaki siku kumi na moja tu."

"Shangazi, lori ni saa tisa."

"Mimi nimelia na wewe tangu jana. Lakini hatoki. Wewe mwanangu si mtu wa kutoka kichakani, unaijua eda. Na ukiwapeleka kwake, wakajua mumewe aliuawa, watauliza alikuwa upande gani. Unataka uchukuliwe mume wako, au uchukuliwe huyu?"

Nilikuwa nataka mume wangu asichukuliwe. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa tayari kumtoa binti wa watu. Nikapaza sauti makusudi, ili asikie ndani: "Kanyamaza kwa ajili yako! Mikono imefungwa kwa kamba ya ndoo, na kanyamaza!"

Pazia likasogea. Akatoka na nguo yake nyeupe, uso umechujuka kwa kukaa kivulini siku zote zile, macho yamefinyika kwa mwanga. "Shangazi, nipe mtandio," akasema. Tukaishika njia ya posto. Wanawake kisimani walituona tunapita na wakaacha kamba zao.

Posto ilikuwa nyumba ya shule ya zamani; walitukalisha nje mpaka adhuhuri. Mume wangu alikuwa amekalishwa chini ukutani, mdomo umevimba. Sikumwita. Niliogopa hata kumtazama sana, wasije wakaona namna ninavyomtaka.

Binti akasimama mbele ya askari wa bara, macho chini. "Simu ya kitambaa cheupe ni yangu. Zimo sauti za marehemu mume wangu. Sauti tu."

Askari akatafsiri. Sajenti akanyanyua mabega. "Sauti za nani? Mwambie aiwashe."

Simu ilikuwa imekufa. Imekaa ndani ya gunia tangu jana. Jenereta la posto halina mafuta, walikuwa wamelichoma usiku kucha na muziki. Na betri yangu, ile niliyoilea kama yai, walikuwa wameifunga kwenye spika na feni kwa pamoja wakainyonya mpaka tone la mwisho. Nikaigusa, imevimba ubavu. Paneli ilikuwa imetupwa kifudifudi mchangani. Na juu, wallahi, mawingu.

"Mwambie sajenti naweza kuiwasha," nikasema. "Bila betri. Nipe kichaji cha ile gari yenu, na waya."

Saa ilikuwa saba na kitu. Nikaifuta paneli kwa ukaya wangu wa kichwani, nikaiegemeza kwenye ngazi, nikatafuta jua lilipo nyuma ya wingu kwa kuhisi joto usoni. Nikafunga nyaya mbili za paneli moja kwa moja kwenye kichaji. Mara mbili nikazikosea. Kisha nikachomeka simu. Kitaa chekundu kikawaka. Hafifu, lakini kikawaka.

Wale vijana wa militari wakakiona. Kila mmoja simu yake imezima tangu usiku. Mmoja akaja na waya wake akachomeka tundu la pili. Mwingine akaleta redio, akaiunga kwenye nyaya za paneli. Kitaa kikazima.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko jana, kuliko hata siku ile ya kukimbia, kwa sababu siku ya kukimbia mtu anakimbia tu. Hapa ilinibidi niwaambie hapana watu wenye bunduki. Nikamgeukia yule wa bara.

"Baba, waambie watoe. Jua hili la mawingu linatosha simu moja. Wakichomeka tatu haitawaka hata moja."

"Mama, moja ni ya sajenti."

"Na ya sajenti itoke."

Alinitazama kama vile mimi nimekwisha kufa. Akatafsiri. Sijui alitafsiri vipi. Sajenti akacheka kwa pua, akachomoa waya wake, na vijana wote wakachomoa.

Kitaa kikarudi. Nikakaa chini kando ya paneli. Kivuli kikihama nasogeza kidole kimoja, kivuli kikihama nasogeza. Lori likaja, likageuzwa, likasimama na injini inanguruma, dereva anavuta sigara. Binti alikuwa amesimama palepale uwanjani, kila mwanaume anamtazama. Wingu likapasuka kidogo upande wa bahari, dakika chache tu. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ikawaka.

Akaipokea, akabonyeza. Sauti ya mwanaume ikatoka, katikati ya uwanja ule, nyepesi, ina kicheko ndani yake: "Bibi, msinisubiri, kuleni. Ila mnibakizie ukoko. Na usimpe mama, mwambie ni wangu leo."

"Anasema nini?" sajenti akauliza.

Yule wa bara akafungua mdomo, hakupata neno la Kireno. Akafanya kwa mkono kama anayekwangua chini ya sufuria. "Wali ulioungua, sajenti. Anaomba abakiziwe."

Wakasikiliza nyingine mbili. Moja ni ya mbuzi aliyekata kamba. Moja ni kupumua tu na upepo, alibonyeza kwa bahati mbaya. Hiyo binti aliiacha mpaka mwisho. Hakuna aliyemkataza.

Walimfungua mume wangu. Simu wakazirudisha, vitambaa vimechomolewa, zikabaki zinagombaniwa mpaka usiku. Paneli sajenti akasema inabaki kwa uchunguzi. Uchunguzi wenyewe tuliuona kesho yake: imepigiliwa juu ya bati la posto, inamulika mpaka barabarani, na chini yake feni inapuliza chumba hakina mtu. Watu wakaanza kufunga mizigo. Kioo kile kilikuwa kinawaita wote wenye macho porini, na sisi hatukukaa kungoja atakayeitika.

Shehe alisema binti alitoka kwa dharura, hana kosa. Wanawake kisimani walisema aanze kuhesabu eda upya. Mke wa shefu wa bairo ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwenye jenereta akanitumia salamu kwamba tukitaka kuchaji tuje, baina yetu hakuna neno. Sikujibu. Na mimi mwenyewe nilipaza sauti mlangoni kwa shangazi. Hilo sitamwachia mtu mwingine.

Alfajiri moja nilikwenda kumuaga binti. Simu yake ilikuwa na asilimia tisa. Alikuwa amekwisha kuizima, ameifunga tena ukanda mweupe mwenyewe.

"Hutaisikiliza?"

"Nikiisikiliza itaisha, dada."

Wakaondoka na shangazi alfajiri ile, kwa miguu, upande ule wa kwenda Rovuma. Sijapata habari zao.

Hapa ninapokaa sasa nimepata paneli nyingine, ndogo, ya upana wa sinia, na watu wanaleta simu. Vitambaa sifungi tena. Mtu akija namuuliza jina lake, jina la baba yake, katoka wapi, simu ina chipu au haina. Juzi alikuja mama mmoja wa makamo, amejifunika nyeupe. Nikamuuliza yote hayo. Akanitazama, akaichukua simu yake mezani, akaondoka nayo bila kuchaji, na mimi nikabaki nimeshika waya.